Sufuria Ndogo ya Supu ya Mwani

Kitumbua cha Mpishi Pyo kiliingia mchanga siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, saa kumi na moja na robo alfajiri, alipochovya mikono kwenye beseni la maji baridi na kuukamua mwani.

Alijua anachofanya. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walimzushia kwamba alisahau, kwamba amechanganyikiwa, kwamba uzee umeanza kumwingia. Hakusahau kitu. Mtu aliyepika miaka ishirini na miwili katika nyumba ya Mwenyekiti Maeng, anayejua nani hataki kitunguu saumu siku ya mkutano na nani anataka wali wake uwe mkavu, hasahau kwamba asubuhi ya mtihani wa taifa mwani hauingii jikoni. Mwani unateleza. Mtoto akiula siku hiyo naye huteleza, na kila alichokibandika kichwani kwa miaka kumi na miwili kinaporomoka. Ndiyo maana watoto hupewa peremende za kunata na mikate ya mchele inayong'ang'ania meno, ili majibu nayo yanate. Ukimuuliza daktari atakucheka. Lakini muulize huyo huyo daktari mwanawe alikula nini asubuhi ya mtihani wake.

Sasa kwa nini aliukamua? Kwa sababu aliamriwa. Na shida ya nyumba ile haikuwa amri. Shida ilikuwa kwamba waliozitoa walikuwa wengi, na wa kuzibeba alikuwa mmoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa Pyeongchang-dong, mtaa wa matajiri chini ya mlima, yenye ukuta mrefu kuliko wa jela na msonobari mmoja uliokuwa na daktari wake maalumu. Waliishi watu wanne, na Pyo aliwapikia kana kwamba zilikuwa hoteli nne. Mwenyekiti, mwenye kiwanda cha vigae vya bafuni, alikuwa na kisukari: wali wa shayiri, samaki wa kuchoma asiye na chumvi, na kila baada ya siku mbili kuja jikoni kwa kunyata kuulizia kaa wa kuloweka kwenye mchuzi wa soya. Madamu, mkewe, alikula majani yaliyopimwa kwenye mizani. Tae-yul, mtoto wao wa pekee, alitaka nyama kila arudipo kutoka masomo ya ziada. Na Bibi, mama yake Mwenyekiti, miaka themanini na minane, alikula uji wa mchele uliochujwa mara mbili, kwa kuwa meno yake yalibaki manne na yote yalikuwa upande mmoja.

Hao ni wenyeji. Bado wageni. Bado mkebe wa chakula cha mchana cha Mwenyekiti, maana hakuamini mpishi wa kiwandani kwake mwenyewe. Na Novemba ni mwezi wa kutia kabichi chumvi na pilipili kwa ajili ya baridi yote: vichwa mia moja na hamsini, Pyo na wanawake wawili wa kukodi, siku tatu wameinama uani hadi viuno vikawa kama vya kuazima. Mapumziko yake yalikuwa Jumapili moja kwa mwezi, kama hakuna mgeni. Na mgeni alikuwepo.

Sasa, Bibi alihesabu siku yake ya kuzaliwa kwa kalenda ya mwezi, kama watu wa rika lake wote, na siku hiyo, ambayo kwa desturi huliwa supu ya mwani, huhama kila mwaka. Mwaka ule, katika kuhama kwake, ikaenda kuangukia juu ya mtihani wa mjukuu wake.

Madamu aliliona mapema. Wiki moja kabla, aliingia jikoni na viatu vyake vya ndani vya manyoya, akafungua kabati moja baada ya jingine.

"Mpishi Pyo, mwani wote utoke. Hata ule mkavu. Hata ule wa kufungia wali. Sitaki kuona unyuzi mmoja mpaka mtoto amalize mtihani."

"Na Bibi, Madamu? Siku yake…"

"Bibi amekula supu ya mwani mara themanini na saba. Akiikosa mara moja hafi."

Pyo akautoa mwani, akampa mama wa usafi akaupeleke kwake. Amri ya kwanza hiyo.

Jumatatu Bibi alimwita chumbani. Alikuwa ameketi juu ya sakafu yenye joto, blanketi miguuni.

"We Pyo. Alhamisi utanipikia nini?"

"Uji wa uyoga, Bibi. Mtamu sana."

"Uji wa uyoga wapikie wagonjwa. Mama yangu aliponizaa kulikuwa na vita na njaa, baba yangu akatembea siku mbili kwenda pwani kumtafutia mwani. Alikula bakuli moja, maziwa yakatoka, ndiyo nikaishi. Mimi kila mwaka nakula ile supu kwa ajili yake. Nisipokula, atasema nimemsahau. Wewe unataka mama yangu aseme nimemsahau?"

"Sitaki, Bibi."

"Basi usinijie na uyoga."

Pyo akatoka, akanyamaza. Angenyamaza hivyo hivyo hadi Ijumaa, na mambo yangepita. Lakini Jumatano mchana Mwenyekiti mwenyewe aliingia jikoni. Hakuulizia kaa.

"Pyo. Mama amenililia. Mtu mzima, analia kama mtoto."

"Pole, Mwenyekiti."

"Mpikie hiyo supu. Sufuria ndogo tu. Umpelekee chumbani kabla watu hawajaamka, ale, uoshe bakuli, yaishe."

"Madamu alisema hata unyuzi mmoja…"

"Madamu nitaongea naye mimi." Akampigapiga begani. "We pika."

Nitaongea naye mimi. Pyo alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi katika ile miaka ishirini na miwili. Wakubwa wana midomo mepesi ya kuahidi na mizito ya kukumbuka. Lakini mpishi hamwambii mwenye nyumba "niandikie." Akaenda sokoni kwa basi, akanunua kifurushi kimoja, akakificha ndani ya koti.

Alhamisi hiyo aliipika dirisha likiwa wazi, baridi ikimkata masikio, ili harufu itoke. Alikaanga nyama ya kidari kwa mafuta ya ufuta, akatia mwani, akaukaanga nao hadi ukawa kijani kibichi, akamimina maji, akaonja, akaongeza kijiko cha mchuzi wa soya wa mtungini. Hakuukata. Mwani wa siku ya kuzaliwa haukatwi. Akampelekea Bibi, akamkuta ameshavaa nguo zake za hariri za sherehe, nywele zimepakwa mafuta.

"Umeukata?"

"Sijaukata, Bibi. Mrefu vile vile."

Bibi alivuta mvuke kwa pua, akafumba macho. "Mikono yako iwe na heri," akasema. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa akisema hivyo.

Pyo akarudi jikoni kufunga chakula cha Tae-yul cha kwenda nacho: wali laini, mayai ya kukunja, supu ya figili na nyama kwenye themosi, hakuna cha kuvimbisha tumbo. Akasikia sauti ya Madamu koridoni.

"Tae-yul, kabla hatujatoka, kamwinamie bibi yako. Leo siku yake. Upate baraka."

Pyo alitupa kitambaa akatoka mbio. Alipofika mlangoni kwa Bibi, mtoto alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ndogo, na bibi yake alikuwa amemnyooshea kijiko.

"Kula na mimi, roho yangu. Vijiko vitatu tu. Umri wangu wote huu ni kwa nguvu ya supu hii."

Tae-yul alimtazama Pyo. Pyo alitikisa kichwa. Lakini mtoto aliyelelewa vizuri hakatai kijiko cha bibi yake, na watu wa nyumba ile, pamoja na mengine yote, walikuwa wamemlea vizuri. Alifungua mdomo. Mara tatu.

Jioni Dereva Ok alipiga simu kutoka nje ya geti la shule. Ok na Pyo walianza kazi mwaka mmoja.

"Kaka Pyo, uko wapi?"

"Jikoni. Nitakuwa wapi tena?"

"Shika kitu. Mtoto ametoka analia. Anamwambia mama yake kwamba kila swali alilolisoma alikuwa akiuona ule mwani. Nawaleta. Nitazunguka na barabara ndefu, nikupe dakika kumi."

"Dakika kumi nifanye nini, Ok?"

"Sijui. Vaa aproni safi. Mtu akifukuzwa afukuzwe anapendeza."

Madamu aliingia bila kuvua koti. Hakupiga kelele, Pyo angependelea kelele.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia mwani utoke, Madamu."

"Ukatoka?"

"Ulitoka. Halafu ukarudi kwa amri ya Mwenyekiti."

"Usimtaje Mwenyekiti. Mwenyekiti haingii jikoni." Alisema hivyo akiwa amesimama futi mbili kutoka kwenye kiti cha Mwenyekiti cha kulia kaa. "Alama zinatoka baada ya wiki tatu. Zikiwa nzuri, utabaki. Zikiwa mbaya, utafute jiko jingine. Na usifikiri utalipata mtaani humu. Wenye nyumba zote tunasukwa nywele na mtu mmoja."

Basi nafasi ya mtu wa miaka sitini na mmoja ikatundikwa kwenye kalamu ya mtoto wa miaka kumi na minane.

Mtu anaweza kuuliza alikuwa anang'ang'ania nini. Nyumba ya hivyo si ya kukimbia? Lakini juu ya paa la jikoni kulikuwa na mitungi tisa ya udongo, na iliyomo ilikuwa kazi ya Mal-sun, mke wake. Yeye ndiye aliyekuwa akichemsha soya, akizifinyanga matofali, akiziacha ziote ukungu, akiziloweka kwenye maji ya chumvi kila mwezi wa pili. Mchuzi wa mtungi wa mwisho ulikuwa bado haujafunguliwa alipofariki. Waliishi wote wawili katika chumba kilicho nyuma ya jikoni, na chumba hicho Pyo alikuwa nacho bado, na kigodoro cha mkewe kimekunjwa ukutani.

Na alifarikije? Hospitali ilipiga simu saa kumi jioni. Nyumbani kulikuwa na wageni kumi na wanane, wakubwa wa serikali, na samaki alikuwa bado mbichi. Pyo alimwendea Madamu na mikono inanuka magamba, akamwambia. Madamu alisema, kwa upole kabisa, "Maliza samaki, halafu Ok atakupeleka." Alimaliza samaki. Ok aliendesha kama mwizi. Walipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya, na muuguzi aliuliza wao ni nani.

Kesho yake watu wa serikali walituma salamu kwamba samaki alikuwa hana mfano.

Wiki zile tatu Pyo alipika kuliko alivyowahi kupika maishani. Alimchonga Madamu figili kama maua. Alimtengenezea Mwenyekiti kaa na akamwachia mlango wa jokofu wazi. Kila alfajiri alipanda juu ya paa, akafunua mitungi ipate hewa, akafuta vifuniko kwa kitambaa chenye maji, akashuka. Hakuomba kitu huko juu. Aliyekuwa akiombewa alikuwa mtoto wa watu, apate alama, na Madamu alikuwa ameshawalipa watawa wa hekalu kwa kazi hiyo.

Siku moja mchana Tae-yul aliingia jikoni. Shule alikuwa anaenda nusu nusu sasa. Akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Mjomba, una kitu cha kula?"

"Kipi ambacho sina?"

Pyo alimkaangia mabaki ya wali na kabichi, yai juu. Mtoto alikula nusu bila kuinua kichwa, kisha akasema:

"Mjomba, haikuwa supu."

Pyo alizima jiko.

"Hesabu niliacha kurasa mbili nyeupe. Sikuzijua tangu mwaka jana. Nilikuwa naenda masomo ya ziada nalala kule. Mwalimu anajua, haambii mtu, asije akapoteza mwanafunzi. Mimi huo udaktari wanaoutaka siuwezi. Hata damu ya kuku nikiiona…"

"Mwambie mama yako."

"Ataniua."

"Na mimi je?"

Tae-yul alichezea vijiti vya kulia. Alikuwa na macho ya bibi yake, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia.

"Wewe ni mtu mzima, Mjomba. Utapata kazi nyingine."

Akamaliza yai, akaondoka. Sahani aliiosha mwenyewe. Pyo akaifuta, akairudisha kabatini. Angeweza kupanda ghorofani akasema yote. Na nani angemwamini? Mpishi anayesema mtoto wa Mwenyekiti ni mvivu? Wangesema supu haikumtosha, sasa anammalizia kwa mdomo.

Alama zilitoka Ijumaa. Hazikuhitaji kutangazwa, mama wa usafi alisikia glasi ikivunjika ghorofani, akashuka akasema, "Kaka Pyo, anza kukunja."

Walimwita sebuleni baada ya chai. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya gazeti. Madamu alikuwa amesimama dirishani. Bibi naye alikuwepo, ameletwa kuota jua.

"Unajua tumekuitia nini," Madamu alisema.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili Pyo hakumjibu Madamu. Alimgeukia mumewe.

"Mwenyekiti, ni wewe uliyeniambia. Jumatano, mchana, jikoni. Ulisema utaongea naye."

Gazeti lilishuka kidogo. Macho ya Mwenyekiti yalimtazama Pyo, yakamtazama mkewe, yakapima.

"Nilisema mama apikiwe," akasema. "Sikusema mtoto alishwe. Mpishi lazima ajue kulinda chakula chake."

"Nikilinde dhidi ya bibi yake? Kwa kitu gani, kwa upawa?"

"Angalia mdomo wako."

"Ni mimi," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Supu niliitaka mimi. Mtoto nilimlisha mimi. Mnamgombeza Pyo wa nini?"

Hakuna aliyegeuka.

"Mama, baridi hiyo," Madamu alisema. "Rudi chumbani."

"Baridi gani, na jua lote hili? Nasema ni mimi!"

Mama wa usafi aliitwa, akamshika mkono, akamwondoa taratibu, na sauti yake ikawa inasikika koridoni, mimi, mimi, mpaka mlango ukafungwa. Mwenyekiti alikuwa amerudi ndani ya gazeti. Pyo aliona kwamba Madamu anajua kila kitu: nani aliagiza, nani alilisha, pengine hata zile kurasa mbili nyeupe. Alijua na hakuwa na la kufanya. Mume hafukuzwi. Mama mkwe hafukuzwi. Mtoto wa pekee ndiyo kabisa. Katika nyumba nzima, wa kufukuzika alikuwa mmoja.

"Naomba mtungi mmoja," Pyo alisema. "Ule wa mwisho. Aliutengeneza mke wangu."

"Soya zilinunuliwa na nyumba hii," Madamu alijibu, akawa ameshageukia dirisha. "Na mtungi pia."

Ok ndiye aliyempakia, sanduku moja na visu vyake vimefungwa kwenye taulo. Kabla ya kuwasha gari alitoa chini ya kiti chupa mbili za maji, za lita mbili mbili, zimejaa kitu cheusi.

"Usiniulize," alisema. "Nimepanda juu ya paa kuangalia kama kuna barafu."

Pyo alizipakata zile chupa hadi Yeongdeungpo, upande mwingine wa mji. Akapanga chumba, kama kinaitwa chumba: kitanda, dirisha la ukubwa wa gazeti, na jiko la pamoja koridoni ambako wapangaji kumi na mmoja walichemsha tambi za pakiti kwenye sufuria moja iliyopinda. Kazi aliipata kwenye kibanda cha kuuza wali wa kufunga na mwani, karibu na kituo cha treni. Mwani kutwa nzima, mikono yake inanuka pwani, na hakuna aliyeteleza.

Katikati ya Januari, saa nne asubuhi, mikono imejaa wali, simu ililia. Namba ilikuwa ya jikoni kwa Maeng. Aliijua kuliko yake.

"Mpishi Pyo?" Sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayeziba simu kwa kiganja. "Samahani, Kaka, hunijui. Naitwa Bang. Mimi ndiye niliyechukua nafasi yako. Namba nimepewa na dereva."

"Nakusikiliza."

"Kaka, mwezi haujaisha na nimekonda. Leo wanakuja wakwe watarajiwa kumwona yule mtoto. Madamu ameniambia nisiweke mezani kitu chochote cha chumvi, Mwenyekiti asije akaaibika kwa kula kama mwenye njaa. Sasa hivi Mwenyekiti ametoka hapa. Anataka kaa wa kuloweka, bakuli kubwa, katikati ya meza. Nikamwambia Madamu kakataza. Akanipigapiga begani, akasema Madamu ataongea naye yeye."

Pyo aliweka wali chini. Mteja aligonga kaunta kwa sarafu.

"Nina saa mbili tu, Kaka. Nina watoto wawili shuleni, nyumba hii siwezi kuiacha. Wewe umekaa nao miaka ishirini na miwili, huwezi kukosa unalolijua. Wakikuamuru hivi na hivi, wote wawili, siku moja, namtii nani?"